Kiburi, Hukumu na Wokovu: Kitabu cha Obadia kwa Msomaji wa Kiswahili wa Tarime na Serengeti

1.0 Utangulizi

Kitabu cha Obadia ndicho kifupi kuliko vyote katika Agano la Kale: sura moja tu, yenye aya 21. Ndani yake nabii anawashtaki Waedomu, kizazi cha Esau, kwa jinsi walivyomtendea ndugu yao Yakobo siku Yerusalemu ilipoangukia mikononi mwa Wababeli mnamo mwaka 587 K.K. (wako wanaotaja 586). Kosa linaloshika mashtaka yote ni kiburi, adhabu yake ni kuangushwa, na mwishoni inatolewa ahadi ya wokovu juu ya Mlima Sayuni. Mtu aliyezoea unabii mrefu wa Isaya au Ezekieli anaweza kukisoma kitabu hiki kwa dakika tano na kudhani amekimaliza.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msomaji wa Kiswahili katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hana budi kwenda polepole zaidi. Sababu moja ni ya maisha. Mambo ambayo kwa msomaji wa mjini ni picha tu, yaani wezi wanaokuja usiku, ndugu anayesimama kando, mkimbizi anayekamatwa njiani, hapa ni mambo ambayo watu wameyaona. Sababu ya pili ni ya lugha. Maneno matatu yanayobeba uzito wa kitabu hicho katika Biblia ya Kiswahili, yaani kiburi, hukumu na kuokoka, kila moja lina historia yake, na historia hiyo humpeleka msikilizaji mahali ambapo Kiebrania hakikumpeleka. Sababu hizi mbili zikikutana bila kuchunguzwa, Obadia huweza kugeuka kuwa silaha: kila upande ukamwona Esau katika uso wa upande wa pili.

2.0 Ndugu na ng'ombe

Mto Mara, unaotoka nyanda za juu za Kenya na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, unazitenga kwa sehemu kubwa wilaya hizi mbili: Tarime kaskazini, Serengeti kusini. Tarime ni nchi ya Wakuria hasa. Serengeti wako Wakuria pia, pamoja na Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, ambao historia zao zilizosimuliwa na wazee zimekusanywa na Jan Bender Shetler katika kitabu chake cha mwaka 2003. Wakuria wenyewe wamegawanyika katika ibiaro (umoja wake ni ikiaro), kama vile Wairege, Wanyabasi, Wakira na Watimbaru. Kila ikiaro kina eneo lake na wazee wake, lakini lugha ni moja na mila kwa jumla ni zilezile. Kwa hiyo, mtu wa ikiaro cha pili ni ndugu na si ndugu. Anaeleweka asemapo, na huoa na kuozwa huku na huku, ila ng'ombe wake hawana kinga ileile waliyo nayo ng'ombe wa nyumbani.

Michael Fleisher, katika uchunguzi wake juu ya wizi wa ng'ombe miongoni mwa Wakuria uliochapishwa mwaka 2000, ameeleza jinsi uvamizi uliokuwa hapo kale jambo la vijana na sifa ulivyogeuka kuwa biashara. Ng'ombe walioibwa hawakai zizini kwa mwizi. Huvushwa mpaka na kuuzwa Kenya. Ameeleza pia kwamba ikiaro kimoja kilikuwa kikikiibia kingine, na kwamba baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 bunduki zilienea na kuufanya uvamizi huo kuwa wa kuua. Kwa upande wa ulinzi, Suzette Heald amechunguza iritongo, yaani mkutano wa hadhara wa jamii unaosikiliza mashtaka na kutoa uamuzi, pamoja na sungusungu, ambayo ilianza Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisha ikafika huku. Nyuma ya iritongo kuna inchama, baraza la siri la wazee, ambalo si la kuzungumziwa sana na mtu wa nje, na sisi tutaliacha hapo.

Ukristo uliingia katika mazingira hayo kwa njia kadhaa. Wamenonaiti kutoka Marekani walianza kazi yao Shirati mwaka 1934, mahali ambapo wakati huo palikuwa katika wilaya ya Mara Kaskazini na leo pamo katika wilaya ya Rorya, iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Waadventista na Wakatoliki nao walikuwa na vituo vyao. Jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba Kiswahili ndicho kilichokuja kuwa lugha ya ibada panapokutana watu wa ibiaro tofauti, na Biblia iliyoshikwa mkononi kwa muda mrefu ilikuwa Union Version ya mwaka 1952. Katika benchi moja la kanisa anaweza kuketi mtu aliyeibiwa na mtu ambaye mpwa wake alikuwamo katika uvamizi, na wote wawili wakasikia kwa Kiswahili kilekile habari za ndugu aliyemdhulumu ndugu.

3.0 Maneno matatu

3.1 Kiburi

Katika aya ya 3 nabii anamwambia Edomu kwamba kiburi cha moyo wake kimemdanganya, yeye akaaye katika mapango ya majabali. Neno la Kiebrania hapo ni zadon. Mzizi wake unahusu kuchemka na kufurika, kama chungu kinachotoa povu hadi likamwagika jikoni. Si kwa bahati kwamba mzizi huohuo umo katika Mwanzo 25:29, pale Yakobo anapopika chakula, naye Esau anakuja kutoka nyikani akiwa amezimia kwa njaa. Chakula hicho kinaitwa nazid, kitu kilichochemshwa. Kwa sikio la Mwebrania, kosa la kizazi cha Esau lina harufu ya chungu kilekile ambacho baba yao aliuzia haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Yakobo alichemsha dengu, na watoto wa Esau wamechemka wenyewe.

Kiswahili hakina njia ya kuuleta mchezo huo wa maneno, wala hatuwezi kuwalaumu wafasiri. Neno kiburi limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya ukubwa. Mwenye kiburi ni anayejifanya mkubwa. Hiyo ni picha nzuri, na kwa kweli inafaa sana mahali pengine katika Obadia: mwishoni mwa aya ya 12 Kiebrania husema, neno kwa neno, usikikuze kinywa chako. Ila katika aya ya 3 picha ni ya joto. Tofauti hii si ndogo kwa msomaji wetu. Kiburi cha ukubwa ni tabia ya wakubwa. Mkulima wa mihogo wa Tarime anaweza kuona kwamba hakimhusu. Kiburi cha kuchemka ni cha mtu yeyote ambaye damu imempanda, na hasa cha kijana anayeambiwa na wenzake kwamba usiku wa leo si wa kulala.

Aya inayofuata inatumia mfano wa tai aliyejenga kiota miongoni mwa nyota. Milima ya Edomu, kusini-mashariki mwa Bahari ya Chumvi, ni ya mawe mekundu yenye magenge, na mtu aliyekuwa juu yake aliweza kumwona adui akija toka mbali. Lakini milima haikuwaokoa. Wataalamu wengi wanahusisha kuanguka kwa ufalme huo na kampeni ya Nabonido, mfalme wa Babeli, mnamo mwaka 553 K.K. Babeli hiyohiyo ambayo Edomu alisimama upande wake ndiyo iliyompindua.

3.2 Hukumu

Neno hukumu nalo limetokana na Kiarabu, kutoka katika mzizi uliotupa pia hekima na hakimu. Wanaleksikografia wa Kiarabu huihusisha maana yake ya awali na kuzuia, wakitaja lijamu ya farasi. Maana hiyo ya kuzuia haikubaki katika Kiswahili cha kila siku. Kwa msikilizaji wa leo, hukumu ni ya mahakama: mtu amehukumiwa, yaani amepewa kifungo. Mshtakiwa anayeachiwa huru hatusemi sana kwamba amehukumiwa, ijapokuwa kwa hakika naye amekatiwa shauri.

Kiebrania shafat ni kipana zaidi. Ni kusimama kati ya wawili wanaogombana na kuirudisha haki mahali pake, hata ikibidi kumnyang'anya mwenye nguvu na kumwinua mnyonge. Ndiyo maana watu kama Gideoni na Yeftha wanaitwa shofetim ijapokuwa kazi yao kubwa ilikuwa kuwakomboa watu kwa vita. Wafasiri wa Kiswahili waliufikia mpaka huu wakasita, na kitabu chao wakakiita Waamuzi. Chaguo hilo ni la busara kuliko linavyodhaniwa. Kuamua ni neno la Kibantu, na maana yake ya zamani ni kutenganisha watu wanaopigana. (Siku hizi magazeti yamempa mwamuzi filimbi na kumpeleka uwanjani, maana haikupotea, imevaa kaptura.) Lau Isaya 2:4 ingelitumia kuamua pale Union Version inapotumia hukumu, msikilizaji wa Serengeti angeliona mara moja kwamba Mungu anayetajwa hapo ameketi kama mzee katika iritongo, kati ya mataifa mawili yenye mikuki, na kwamba kugeuza panga kuwa jembe ni matokeo ya shauri kuamuliwa vizuri.

Hapa inafaa kumkumbuka Karl Roehl, Mjerumani ambaye Biblia yake ya Kiswahili ya mwaka 1937 ilijaribu kuyapunguza maneno ya asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Jitihada yake imechekwa mara nyingi, na kwa haki, kwani lugha haisafishwi kwa ungo. Hata hivyo, katika neno hili moja silika yake ya kutafuta Ubantu ingeweza kufaa. Haifuati kwamba neno hukumu lifukuzwe. Tunachodai ni kwamba mfafanuzi anayehubiri Obadia aweke neno kuamua kando yake, ili wasikilizaji wasione gereza peke yake.

Onyo moja linahitajika. Chombo cha kuamua chaweza nacho kuchemka. Isaya 10:5-15 inaieleza Ashuru kuwa fimbo mkononi mwa Mungu, kisha inaikemea fimbo hiyo kwa kujitukuza juu ya mwenye kuishika, kama shoka linalojisifu mbele ya mkataji. Heald ameandika juu ya viboko vilivyotumika katika mabaraza ya sungusungu. Penye mwizi sugu jamii huona afadhali fimbo kuliko kesi isiyokwisha, na anayelala kwa hofu ana haki ya kuona hivyo. Isaya hakanushi kwamba fimbo inahitajika. Anauliza inajionaje baada ya kupiga.

3.3 Kuokoka

Katika aya ya 17 Union Version inasema kwamba mlimani Sayuni watakuwako waliookoka. Kiebrania kina peleta, jina la mabaki, watu walioponyoka uvamizi wakiwa hai. Kwa Kiswahili cha kawaida kuokoka ni neno sahihi kabisa: basi limepinduka, watatu wameokoka. Lakini kuanzia miaka ya 1930 uamsho uliotokea Rwanda na Uganda ulieneza maana nyingine ya neno hilo. Wafuasi wake waliitwa walokole, kwa neno la Kiganda lenye udugu na kuokoka letu, na mwaka 1942 uamsho ulifika Shirati. Tangu wakati huo aliyeokoka, katika kinywa cha Wakristo wengi wa Mara, ni mtu aliyeungama dhambi zake hadharani na kuanza maisha mapya.

Maana hizi mbili hazipingani, lakini zikichanganywa hufanya jambo la ajabu. Msikilizaji anaposikia waliookoka katika Obadia anaelewa wachamungu, na wale wengine, yaani Esau, wanakuwa wasiookoka. Aya iliyokuwa ikihesabu walionusurika inageuka kuwa orodha ya walio wema. Nabii hasemi kwamba waliobaki Yerusalemu walikuwa bora. Vitabu vya Yeremia na Ezekieli vinatuambia kinyume chake. Anasema tu kwamba wako hai.

Nabii Amosi, aliyekuwa mfugaji wa Tekoa, ana picha iliyo karibu zaidi na watu wa Serengeti. Katika 3:12 anasema juu ya mchungaji anayeponya miguu miwili au kipande cha sikio kutoka kinywani mwa simba. Aliyechunga karibu na mbuga anaelewa: huko si kumwokoa mnyama. Mchungaji anachukua ushahidi wa kumwonyesha mwenye mifugo kwamba hakuiba, kama sheria ya Kutoka 22:13 inavyotaka. Wokovu wa namna hiyo ni kielelezo cha hasara. Ni vyema neno kuokoka libebe pia uzito huo kabla ya kubeba ule wa uamsho.

4.0 Makatazo manane

Kiini cha mashtaka ya Obadia kimo katika aya za 12 hadi 14, nacho kimejengwa kwa makatazo manane mfululizo. Usitazame siku ya ndugu yako. Usifurahi. Usikikuze kinywa. Usiingie langoni. Usitazame, kwa mara ya pili. Usitie mkono katika mali. Usisimame penye njia kukata wanaokimbia. Usiwatoe waliosalia.

Tafsiri kadhaa za lugha za Ulaya huyageuza makatazo haya kuwa lawama ya wakati uliopita, kana kwamba nabii anasema ulipaswa kutofanya hivyo. Sababu yao inaeleweka, kwa kuwa tendo limekwisha kufanyika. Lakini Kiebrania kinatumia umbo la kukataza jambo ambalo bado halijatendeka, na Union Version imelifuata kwa usi-. Tunaona hapa Kiswahili kimeuhifadhi mshtuko wa matini. Msomaji hasikii tu kesi ya Waedomu wa kale. Anakatazwa yeye, leo, kabla hajanyanyuka kwenda mlangoni kutazama.

Mpangilio wake pia unastahili kuangaliwa. Ni ngazi. Inaanzia jichoni, inashuka kinywani, inafika miguuni langoni, kisha mkononi, na mwisho inafika kwenye mwili wa mkimbizi. Hakuna daraja hata moja linalosema kwamba Edomu ndiye aliyeiteka Yerusalemu. Aya ya 11 inaeleza waziwazi kwamba wageni ndio waliozichukua mali na kuipigia kura Yerusalemu, naye Edomu alisimama upande wa pili, akawa kama mmoja wao. Wanaofahamu jinsi uvamizi wa ng'ombe unavyofanyika watatambua mara moja watu wa ngazi hiyo. Yuko anayesikia yowe na kukaa ndani. Yuko anayecheka asubuhi kilabuni. Yuko anayeonyesha njia ya mkato kuelekea mpakani. Yuko anayenunua kwa bei ya chini bila kuuliza alama ya sikioni imekatwa lini. Hao wote, kwa sheria ya Obadia, wako katika kesi, na wengi wao hawajagusa mkuki.

5.0 Nani ni Esau?

Swali hili haliepukiki, na ndilo lenye hatari. Aya ya 18 inasema kwamba nyumba ya Yakobo itakuwa moto na nyumba ya Esau mabua makavu. Katika eneo ambamo nyumba zimewahi kuchomwa kwa hakika katika mapigano ya koo, maneno hayo hayahitaji mfafanuzi ili yaeleweke vibaya. Ni kosa pia kuyalainisha na kudai kwamba hayakuandikwa. Yameandikwa kwa uchungu wa watu waliouawa njiani na ndugu zao.

Msaada uko katika nafasi ya kitabu chenyewe. Katika mpangilio wa Kiebrania, Obadia kimewekwa mara baada ya Amosi, na inaelekea kiungo chao ni Amosi 9:12, panapotajwa mabaki ya Edomu. Anayefuata mpangilio huo anafika kwa Obadia akiwa ametoka kwa Amosi, na Amosi humfundisha jinsi ya kusikiliza hukumu ya jirani. Sura zake mbili za kwanza zinawahukumu Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni na Moabu, na tunaweza kuwawazia wasikilizaji wa Israeli wakiitikia kwa furaha. Kisha duara linafungwa: Yuda, halafu Israeli wenyewe, na mashtaka yao ni marefu kuliko ya wote. Mtu aliyepitia hapo hawezi kuingia katika Obadia akiwa na hakika kwamba yeye ni Yakobo. Kumbukumbu la Torati 23:7 nalo limekwisha kumkataza kumchukia Mwedomu, kwa sababu ni ndugu.

Aya ya mwisho ya Obadia inaunganisha maneno tuliyoyachambua: waokozi watapanda Mlima Sayuni ili kuuhukumu mlima wa Esau. Kiebrania kina moshi'im na lishpot, na kikisomwa pamoja na kitabu cha Waamuzi, hao ni watu wa jamii ya Gideoni, wanaookoa kwa kuamua. Aya inakwisha kwa kuutoa ufalme mikononi mwao pia: ni wa Bwana. Hakuna ikiaro kinachopewa.

Limebaki jambo moja la matini. Katika Matendo ya Mitume 15, Yakobo wa Yerusalemu anainukuu Amosi 9:12 mbele ya mkutano unaoamua kama watu wa mataifa wapokewe bila kutahiriwa. Anaitumia kwa njia ya Septuaginta, tafsiri ya Kiyunani, ambayo haikusema kwamba mabaki ya Edomu yatamilikiwa. Ilisema kwamba waliosalia wa watu watamtafuta Bwana. Katika maandishi ya Kiebrania tofauti ni ndogo mno: kati ya yireshu, watamiliki, na yidreshu, watatafuta, ni herufi moja, na kati ya Edomu na adamu, yaani mtu, ni herufi moja na irabu zake. Wafasiri wa Kiyunani walisoma, au walichagua kusoma, adamu. Adui wa kumilikiwa akawa mtu anayetafuta.

Lugha nyingi zikitafsiri sura hizo mbili huupoteza uhusiano huo. Kiswahili, bila kukusudia, kimeuhifadhi. Katika Union Version, Amosi ana Edomu, na Matendo yana wanadamu, neno ambalo kila mtoto wa shule anajua kwamba ni wana wa Adamu. Msomaji wa Tarime anaweza kuweka kidole kimoja hapa na kingine kule katika kitabu kilekile, akayatamka maneno hayo mawili kwa sauti, moja baada ya jingine, jirani yake wa benchi akisikia.